Nyuzi Nne za Sista

Sista wangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, chai ipo kwenye chupa. Vyombo uviache, umesimama tangu alfajiri.

~~Nimekwenda kazini.~~ Nimekwenda dukani kuwaambia wateja wasubiri wiki moja, kama ulivyoniagiza. Mkasi siugusi.

Kuhusu asubuhi. Mkasi uliponikata kiganja nilikimbilia zahanati kwenu, nikijua binti yangu kaanza kazi pale, nitapita mbele. Ukaniambia, “Mzee, bonyeza kitambaa usubiri, huyu mtoto ana degedege.” Mzee! Mbele za watu! Iliniuma kuliko mkasi.

Zamu yangu ikafika. Muuguzi mkuu akasimama nyuma yako, ukashika sindano, mkono hautikisiki hata kidogo. Miaka thelathini nashona nguo za watu. Leo nimeona mtu akimshona mtu, tena ni yuleyule aliyeshindwa kunishonea kifungo! Nyuzi nne, zimelingana. Nilisahau hata kupiga kelele.

Ile cherehani ya pili niliyokuwa nakutunzia kimyakimya, endapo uuguzi ungekushinda, leo namgawia jirani.

Baba yako,
aliyekuwa wa pili kwenye foleni