Kasri la Ireland na Uchumba wa Hira

Bi Naseem mpendwa,

Naomba unisitiri na unisaidie, moyo hautulii. Mimi ni mfamasia huku ughaibuni, mtaa wa Thorncliffe Park, asili yangu Tanga, na mke wangu Jennifer ni wa ukoo wa makabaila wa Ireland ambao kwa miaka mia mbili wameoana binamu kwa binamu ili ardhi isitoke nje, na sasa mjomba wake amefariki bila mtoto akamwachia mwanetu Alnasir nusu ya kasri la vyumba arobaini, kwa sharti aache jina letu achukue la kwao, na nusu ya pili ni ya binamu yake Alnasir, msichana mpole anayefuga farasi, nami nikaona Mungu kafungua mlango, ila Alnasir alishamchumbia Hira, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Crescent Town, basi nikampigia simu baba yake Hira nikamwambia mwanangu kaghairi, na Alnasir hajui, wala mama yake, kijana anadhani binti ndiye aliyemkataa kwa kuwa hapokei tena simu zake, tangu hapo hali chakula, ukimuuliza anajibu tu, "I'm fine, Dad," na waumini wote wa jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, nimeshawatangazia habari za kasri. Nimshawishi vipi amwoe binamu?

Sikander, Februari 2009

Bwana Sikander,

Pole. Hiyo pole ni ya Alnasir, mpelekee. Yako sina.

Mtu wa Tanga unaniuliza mimi habari za kuozana binamu kwa ajili ya ardhi? Si ndivyo walivyofanya wazee wetu, ili shamba la mkonge lisigawanyike? Mwaka sitini na saba shamba likataifishwa. Ndoa hazikutaifishwa. Mama yangu aliishi ndani ya yake miaka arobaini, yeye na baba hawasemezani ila mbele ya wageni.

Na hilo kasri umelikanyaga, au umeona picha? Hita ya fleti ikipoa unamsumbua mwenye nyumba mara tatu kwa siku. Paa la vyumba arobaini likivuja utampigia nani? Tena mwanao alifute jina la baba yako, nawe unajiona umeula!

Njia ya mwongo ni fupi. Leo hii mwambie Alnasir ukweli, mama yake akisikia. Kesho nenda Crescent Town mwenyewe, ukae mbele ya yule fundi useme, "Nilikudanganya." Kasri usilitaje. Akikufukuza, ondoka. Akikuletea chai, kunywa na unyamaze.

Hira akirudi, mshukuru. Asiporudi, basi huo ndio urithi mwanao alioupata kwako.

Bi Naseem