Gunia la Bibi Yako na Alaimenti

Mjukuu wangu Kelvini,

Marahaba. Huku Songea tu wazima, mahindi tumeshapukuchua, na shangazi yako wa Hanga amejifungua salama. Ila mimi nina hasira na wewe, sikufichi.

Umeniuliza, kwa kuwa nilikuwa fundi, upige alaimenti gani, yaani matairi yanyooshwe vipi, ili gari lako la spoti likate kona vizuri. Halafu ukampigia bibi yako simu: eti ukija Krismasi asikufungie gunia la mahindi, uzito utaharibu alaimenti! Bibi yako akakata simu, akaingia jikoni.

Nikiwa kijana, gereji kule Majengo, alikuja mteja na gari la namna hiyo. Nikamuuliza, "Huwa unabeba nani?" Akasema, "Naendesha peke yangu." Na mama yake amesimama pale pale na ndoo ya maharage! Nikanyoosha kamba pembeni mwa matairi, nikalipima likiwa tupu kama alivyotaka. Likakata kona, kweli. Yule mama akajitwisha ndoo yake, akaenda kutafuta basi. Sura yake sijaisahau, na juzi nimeiona tena jikoni kwetu.

Jibu lako hili hapa. Matairi ya mbele yalale ndani kidogo kwa juu, basi. Lakini fundi asipime gari tupu. Wewe ukae kwenye usukani, na nyuma aweke uzito wa gunia, ili alaimenti ikae sawa hata ukiwa na mzigo.

Bibi yako amenuna, lakini gunia ameshalishona. Kama gari lako haliliwezi, liache huko huko Dar, upande basi.

Babu yako