Mkeka wa Bi Mahfudha

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Nimerudi kutoka Siyu, kwenye hitima ya marehemu Dawud niliyesoma naye. Mungu amrehemu. Wakati wa dua niliinamisha kichwa, nikauona mkeka niliokalia. Rangi tisa! Mistari inakwenda, inakutana pembeni, inarudi, bila kukosea hata mahali pamoja. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minane. Kazi isiyo na kosa naijua. Nikauliza ni ya nani. Wakacheka — mwalimu mzima anauliza habari za mkeka! Ni mkono wa Bi Mahfudha, nyumba ya pili.

Nina miaka sabini na minne. Nimezaliwa juu ya mkeka, nimesoma juu ya mkeka. Sikuwahi kuuliza ameusuka nani. Aibu. Na shukurani pia, kwamba nimeuliza ningali hai.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimempigia simu Bi Mahfudha. Sauti kavu. Nikamweleza: Jumamosi, ukumbi wa madrasa hapa mtaani kwetu Amu, tutaonyesha kazi za mafundi wetu wenyewe. Mchongaji wa milango, mshonaji wa kofia, naye. Akasema ameshaacha. Siyu wananunua mikeka ya plastiki, hata bintiye. Hadil, mjukuu wangu aliyemaliza sekondari mwaka jana, aliniashiria: niulizie kama atanifundisha! Nikauliza. Jibu naliandika alivyolisema, sitalisahihisha mato yawe macho wala tini iwe chini: "Watu wa Amu wakiitazama kazi yangu kwa mato yao, nitamfundisha huyo mjukuuo. Wasipoitazama, mikono naiweka tini."

"Babu, yuko serious?" Hadil akaniuliza.

Yuko.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mikeka mitatu imefika kwa boti, imeviringishwa ndani ya khanga. Mwenyewe atakuja kesho, aitundike kwa mkono wake. Nimeiweka ukumbini. Sikuifungua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefanya jambo baya kwa nia njema.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, alhamdulillah. Viti ishirini vikaisha. Wazee wa msikitini wamesimama mlangoni, na kahawa imeshamiminwa. Mgeni asimame mbele yangu? Mikono yangu mwenyewe ilifungua khanga, ikakunjua mikeka, ikatandika. Sikufikiri. Hakuna aliyefikiri! Wakavua viatu, wakaketi, wakausifu sana mlango wa mchongaji.

Maji yalikuwa yamekupwa Siyu, boti ikachelewa. Bi Mahfudha aliingia saa tano. Akatazama ukutani: patupu. Akatazama chini. Bwana Shuaib, rafiki yangu, ameketi katikati ya ule wa rangi tisa, anakula halwa. Alivyoshtuka, akamwaga kahawa.

Nimewatia wanafunzi aibu nyingi maishani. Leo nimeionja.

Akasema neno moja: "Inukani."

Wote wakainuka, wakajibana kutani. Mkeka ukabaki peke yake katikati ya chumba. Na watu arubaini, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kuelekeza macho, wakautazama. Kisha bibi mmoja nisiyemjua akapiga magoti, akaufuata mstari mmoja kwa kidole mpaka pembeni, ukageuka, naye akageuka nao. "Mashaallah. Haukatiki!" Wengine wakainama.

"Niwie radhi, Bi Mahfudha," akasema Shuaib. "Mimi ndiye wa kwanza kuujua vizuri, ila si kwa macho." Akakitaja kiungo. Sikiandiki hapa.

Alicheka! "Mkeka ni wa kuketiwa, Bwana. Sikuusuka uanikwe kama papa. Lakini kabla hujaketi, tazama."

Nikamwomba radhi mbele ya wote. Akanikatiza: hukutaka mgeni asimame, hilo halina lawama. Lakini doa la kahawa halitoki.

Kuhusu Hadil, hakusema kitu.

Jumapili, 12 Oktoba

Bi Mahfudha amelala kwetu. Swafiya, mke wangu, kampa chumba cha juu. Baada ya chai aliutandika mkeka, akafumua uzi wa mshono, akautoa ukili wenye doa — ule utepe mrefu uliosukwa, ambao huunganishwa na wenziwe mpaka uwe mkeka. Sasa pana pengo katikati, upana wa kiganja.

Majirani watatu wamepiga hodi, wanataka kuuona. Hata wenye pengo! Nashukuru sana.

Nikamuuliza: watu wa Amu wametazama?

"Wametazama walipoinuliwa."

Basi ni ndiyo au siyo? Akavitazama vidole vya Hadil, akasema boti yake ni kesho saa nne, maji yakijaa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa nne kasorobo. Mikeka miwili imefungwa tangu alfajiri. Wa tatu bado umetandikwa. Baada ya chai alimpa Hadil chane za ukindu, yale majani yaliyochanwa ya kusukia, "nione tu". Mlango umerudishwa. Naandika hapa nje, dakani, kwenye baraza ya mlangoni.

"Fumua," nasikia. Ukindu unachakacha. "Fumua. Anza tena."

Hadil halalamiki — yeye! Maneno hayo nimeyasema miaka thelathini na minane. Sikujua kwamba yanaweza kupendeza hivi.

Nahodha amepiga simu mara mbili. Shuaib amepita: "Mwalimu, mgeni wako ataachwa!" Nikamwashiria anyamaze. Swafiya katoka na sinia, kaninong'oneza kwamba mgeni ameuliza ukindu mweupe hupatikana wapi hapa mjini. Ameuliza tu, hakusema wa nini.

"Fumua."

Honi ya boti imelia gatini. Viatu vyake bado viko hapa mlangoni, mbele ya miguu yangu. Imelia tena. Niingie nimwambie? Nimeinuka, nimeketi.

"Hapo," anasema ndani. "Hapo usifumue."