Betri Niliyoipima Mwenyewe

Saa 3:08 asubuhi, Kinoti, mlango wa chumba changu cha chini ya nyumba ulikataa kufunguka, nami nikiwa ndani. Ile kompyuta ndogo inayoendesha kufuli la sumaku nililotengeneza iliganda, nayo iko upande wa nje.

Kiapo changu cha uraia ni saa 5:00. Nimekisubiri miaka sita.

Nilizima umeme wote wa chumba, kwa sababu umeme ukikatika sumaku huachia. Haikuachia. Ile betri ya akiba uliyosema haina maana ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Inadumu saa nane. Nilipima mwenyewe.

Dirisha halipitishi hata mabega.

Saa 3:50 nikampigia Bi Shelina, mwenye nyumba, ambaye mkataba wake wa upangaji unakataza kubadilisha chochote kwenye milango. Akashuka.

"Nahashon, si uliniambia hii ni kengele tu?"

Nikamwambia si kengele tu. Nikamwomba akate waya wa betri kwa mkasi, ni volti kumi na mbili, hazitamdhuru.

"Waya upi? Zote nyeupe."

Zote nyeupe, Kinoti. Nilizichagua zifanane na ukuta ili asizione.

"Basi nakata zote," akasema. Nikasikia mkasi mara nne.

Saa 4:06 mlango ukafunguka. Alikuwa ameshavaa koti, funguo za gari mkononi.

"Chukua mkataba wako, uingie garini. Utanisomea njiani, kwa sauti."

Saa 4:31 tumesimama kwenye taa nyekundu. Nimesoma hadi kifungu cha nne.