Amina Niliyoisema kwa Mgongo wa Mama Zawadi

Jumanne, mvua tangu asubuhi. Nimerudi kutoka mtaa wa Songo na tope mpaka magotini. Naandika kwa sababu nikimweleza mtu ana kwa ana nitaanza kujitetea. Najijua.

Nilikuwa kwa Mama Zawadi. Huyu ni mama muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, amebeba beseni kichwani kutoka ufukweni hadi sokoni tangu ujana wake, na mwaka jana mgongo ulimgomea. Nilimpokea kwenye mazoezi yangu ya asubuhi, katika ukumbi wa kanisa letu hapa Kasenga, Uvira. Alikuja mara tatu kwa wiki, miezi minne, bila kukosa. Mwishowe akawa anainama na kuinuka vizuri kuliko hata mimi.

Mazoezi yenyewe ni yoga.

Neno hilo sijawahi kulitamka ukumbini. Wamama nimewaambia ni "sport ya mugongo", kwa sababu Pasta alishahubiri kwamba yoga ni mlango wa roho za kigeni. Siku hiyo aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama yangu mzazi, anayekaa kiti cha mbele kila Jumapili.

Nimefikaje hapa? Nilianza na brashi. Nilichora vichwa vya wanawake waliosukwa kwenye kuta za saluni, nikachora samaki na simu kwenye vibanda. Kanisa likaniita nichore Mto Yordani nyuma ya mimbari. Kwa kuwa Yordani sijauona, nilichora ziwa letu na milima ya Burundi ng'ambo, na hakuna aliyelalamika. Wiki tatu nilikuwa juu ya ngazi nikisikia watu wanavyomlilia Mungu huku chini, na moyo ukageuka. Nikaacha rangi, nikaingia kundi la waombezi.

Nilidumu miaka sita. Watu waliniletea maumivu yao, nami niliyapokea yote, mpaka mwili wangu mwenyewe ukakakamaa nikawa sigeuzi shingo. Tulipokimbilia Bujumbura kwa sababu ya vita, nilikutana na mwanamke aliyewafundisha wakimbizi kupumua na kujinyoosha. Ndiye aliyenifungua. Nilijifunza kwake mwaka mzima, na niliporudi Uvira nilijua kwa mara ya kwanza kazi yangu ni ipi. Niliipenda kazi nikalionea haya jina lake. Ndivyo nilivyo.

Sasa kosa lenyewe.

Miezi miwili iliyopita, wakati wa ushuhuda, Mama Zawadi alisimama akasema Mungu amemponya mgongo. Akaruka mara tatu mbele ya watu, vigelegele vikajaa kanisa. Pasta akanigeukia. "Dada yetu huyu alikuwa naye karibu. Simama, dada. Ni Mungu ao si Mungu?"

Nikasimama. Nikasema, "Ni Mungu. Amina."

Si uongo. Naamini kabisa ni Mungu aliyenipeleka kwa yule mwanamke wa Bujumbura. Lakini najua kwa nini sikuongeza neno, na haikuwa imani. Niliogopa ukumbi, nikamwogopa Pasta, nikaogopa uso wa mama yangu.

Siku mbili baadaye Mama Zawadi alipita kuniaga. "Minye sitarudia tena ile sport, mwalimu. Nikirudia, si ni kama niko naambia Mungu hakumaliza kazi?" Alikuwa na furaha kweli. Mtu mwenye utu angemketisha chini wakazungumza. Mimi nilimwambia, "Sawa, mama," nikarudi kwenye shughuli zangu.

Leo jirani yake ameniambia hatoki tena ndani, ndiyo maana nikaenda. Nimemkuta amelala kwenye mkeka, binti yake anamwosha uso kwa kitambaa kwa sababu kuinama hawezi. Nilitegemea atalalamikia maumivu. Wapi! Anatafuta dhambi.

"Niko natafuta ni zambi gani nilifanya," aliniambia, "mpaka Mungu akarudisha ugonjwa." Amefunga siku tatu. Amemwita wifi yake, ambaye hawajasemezana tangu msiba wa mumewe, akamwomba radhi. Bado mgongo unauma. Kisha akaniomba mimi, mtu niliyewahi kuwa mwombezi, nimsaidie kukumbuka alikosea wapi.

Sijawahi kuona aibu kama ile.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yangu iliishia pale kwenye mkeka. Nikamweleza yote. Nikalitaja jina. Nikamwambia mgongo wake ulipata nafuu kwa sababu aliufanyia kazi miezi minne, na sasa unauma kwa sababu aliacha, akarudi kubeba beseni. Nikamwambia hana dhambi yoyote katika jambo hili.

Akausogeza kando mkono wa binti yake wenye kitambaa, akanitazama.

"Siku ile Pasta alikuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na siku nilikuja kukuaga?"

"Nilijua, mama."

Hakulia wala hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Nikanyoosha mkono nimshike kiunoni, nimwonyeshe walau namna ya kulala bila kuumia. Akausukuma.

"Bado. Minye nilisimama mbele ya watu wote. Weye pia Jumapili utasimama, useme ni kitu gani ulikuwa unatufundisha. Kisha utakuja kunishika."

Njia nzima nimekuwa nikiwaza nitakachopoteza. Ukumbi utafungwa. Wamama wengine watakatazwa na waume zao. Mama yangu sijui atanitazama vipi. Nimeyapanga yote hayo kichwani, na kila nikifika mwisho namwona yule mama anakunja uso kwa maumivu huku akijihoji alimkosea Mungu nini.

Ameniambia Jumapili, nami nilimkubalia haraka, maana Jumapili ni mbali na woga hupenda mambo ya mbali. Lakini mtu amelala chini. Kesho ni maombi ya Jumatano, na huko pia huwa wanauliza nani ana ushuhuda.

Nitanyoosha mkono.