Inchi Hamsini za Kaka Seleman

Jumapili, 3 Februari 2002

Nimekasirika mpaka mwandiko umepinda. Kaka Seleman karudi leo kutoka Dar. Siku nne Kariakoo, na TV hana! Kaja na vipeperushi vya rangi, kavitandaza mezani kama karata.

Wiki ngapi sasa anamwambia Mama: kama nyonga imekuzuia kwenda Makka, mimi nitakuletea Makka hapa hapa Dodoma, Kikuyu. Dishi lipo juu ya bati. Chumba cha sinema keshakijenga ubavuni mwa nyumba — dari la mbao, makochi mekundu, spika tano. Bado TV tu. Na Arafa, siku mahujaji wanaposimama uwanjani, ni kama tarehe 21, mwezi ukiandama vizuri.

Mama ana miaka sabini na nne. Mwaka aliokuwa aende Hija ndio mwaka alioanguka uani. Kila asubuhi ananiuliza, Joha, ile nguo yangu nyeupe umeifua? Nimeifua mara tatu na haijavaliwa.

Jumanne, 5 Februari

Fundi Optatus, yule wa Miyuji aliyetufungia dishi, kaja kushauri. Kaeleza taratibu. Iko plasma, bapa, ya kutundika ukutani — kwa bei yake mtu anajenga nyumba na kuhamia. Iko projekta, inarusha picha ukutani. Iko ya projeksheni, kubwa kama kabati la nguo, picha inarushwa kutoka ndani kuja kwenye kioo. Halafu iko ya kawaida, inchi 34, nzito, ya kubebwa na watu wanne.

Nikasema tuchukue hiyo ya kawaida. Mchana inaonekana, pembeni inaonekana, hata ukiwa mlangoni unaona. Seleman kacheka. Eti hiyo hata kinyozi anayo. Wifi Stara naye kacheka, maana mumewe kacheka.

Mtu anauza saruji na mabati, leo kawa bingwa wa televisheni. Nilinyamaza. Ni mkubwa wangu, na nimerudi kwake na talaka yangu mkononi. Ndivyo ninavyonyamazishwa katika nyumba hii.

Jumamosi, 9 Februari

Projekta! Kaka kaiazima kwa rafiki yake, ile wanayotumia kwenye semina. Kaiwasha saa sita mchana. Jua la Dodoma hili, madirisha manne. Ukutani hakuna kitu, weupe tu unachezacheza.

Nikamwambia, Kaka, Arafa ni mchana. Kaagiza mablanketi yapigiliwe misumari madirishani. Mablanketi yangu, tena bila kuniomba. Picha ikaja, sikatai, nzuri. Lakini mle ndani joto kama la tanuri, Mama akaanza kutweta, ikabidi tumtoe kwenye hewa.

Hakuna aliyesema, Joha ulisema kweli. Mablanketi yana matundu.

Alhamisi, 14 Februari

Imekuja na lori la saruji. Ya projeksheni. Inchi hamsini. Vijana sita wameishusha, mtaa mzima umesimama kutazama.

Seleman kakaa kwenye kochi la katikati, kaiwasha. Haki ya Mungu, ni nzuri. Rangi zinawaka. Stara kapiga vigelegele. Nikamleta Mama, nikamtandikia mkeka mbele, mgongo ukutani, miguu kainyoosha. Hawezi kukaa vingine tangu nyonga ivunjike. Akikaa kwenye kiti miguu inavimba na maumivu yanampanda mpaka kiunoni.

Kasema, mwanangu, sauti naisikia, mbona picha hamjawasha?

Nikakaa pembeni yake. Giza! Vivuli vinapita, basi. Nikasimama — giza. Nikapiga magoti, kichwa kikawa usawa wa waliokaa kochini — picha ikarudi. Nikamwita Optatus. Kasema ndivyo zilivyo hizi, picha inakwenda moja kwa moja kwa aliyekaa usawa wake. Kasema alimwambia Seleman dukani kwake, Seleman akamwambia nani anakaa chini siku hizi.

Nani anakaa chini siku hizi. Mama yako mzazi, Seleman. Ndiye anayekaa chini.

Lakini yeye hasikii. Kasema Mama ana mtoto wa jicho. Nikamuuliza, na mimi nina mtoto wa jicho? Kasema mimi nina kijicho. Stara kacheka tena.

Jumatatu, 18 Februari

Tulimpandisha Mama kochini kwa mito, mimi na Stara. Tulifika nusu ya taarifa ya habari. Jasho linamtoka, midomo kaibana, halalamiki. Mwisho kaomba ashushwe.

Optatus kasema kuna njia. Matofali mawili chini ya sehemu ya nyuma, TV iinamie mbele kidogo, picha imfuate Bibi mkekani. Waliokaa kochini ndio watapata giza. Robo saa, kazi imekwisha.

Seleman kakataa kabisa. Kaalika watu siku ya Arafa, Maalim Rahimu na wenzake wa msikitini. Wataikuta TV imepinda kama imelewa? Na wao wakae wapi?

Nimemkasirikia hata Mama. Kaniambia mwache mwanangu, sauti naisikia vizuri. Kila kitu mwache mwanangu. Na mimi ni nani?

Alhamisi, 21 Februari

Naandika jikoni. Futari iko motoni, mikono ina unga wa muhogo, sijali.

Wamekuja saa sita. Wamejaa kwenye makochi, kanzu zimenyooshwa. Mama kavaa nyeupe yake, kafunga kama wengine, kakaa mkekani. Picha ilipofunguka na ule uwanja wote wa Arafa, wanaume wakaanza kulia. Seleman analia! Anafuta macho kwa leso. Nilimtazama Mama. Kaelekeza uso kwenye kioo, macho kafumba, midomo inasema Labbaika pamoja na mahujaji.

Ikafika mahali matangazo yakapumzishwa, Arafa ikaondoka kiooni. Kaja mtangazaji, mwanamume ana karatasi mezani, anaongea Kiarabu. Nilimwona kwa kupiga magoti. Maalim Rahimu akageuka kwa adabu. Bi Khairat, umeuona mlima wa Rahma? Mama akafumbua macho. Nauona, Maalim. Ndio huo hapo. Umejaa watu, mweupe wote.

Maalim katazama kioo, kamtazama Mama, kainamisha kichwa. Mwingine kajikohoza. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima na maneno ya kumwambia Seleman mbele za watu, makali, nimeyapanga. Nikayaacha, nikaiweka sawa nguo nyeupe ya Mama miguuni.

Seleman kaondoka kochini. Nilidhani anatoka nje. Kavua viatu, kaja mkekani, kakaa pembeni ya Mama na kanzu yake mpya, mgongo ukutani, miguu kainyoosha kama yeye. Katazama mbele. Kapinda shingo huku na huku.

Halafu kaniuliza, sauti chini, Joha, picha mmeizima?

Mama ndiye aliyemjibu, kamshika goti. Hapana, mwanangu, inawaka. Ndivyo inavyokuwa huku chini.