Vidonge Nilivyokupa Nyuma ya Jiko

Kwako Yaya Kalunga, kaka yangu wa tumbo moja,

Miaka kumi na mitatu nakuja kufyeka majani juu ya kaburi lako na kurudi nyumbani, kama mtu asiye na la kusema. Ninalo, Yaya. Nilikuwa naogopa tu.

Unakumbuka mwaka ule Papa alipotoka hospitali, kifua kikuu kimemwacha mifupa mitupu? Wewe ulikuwa umeshaenda Kabalo, kazi ya reli. Munganga wa hospitali alituita sisi watoto wa lupango, wote wa ua mmoja, akatuchoma sindano ndogo ya kupima mkononi. Wangu ukavimba. Nililia nikidhani nakufa. Akanieleza kwamba siko mgonjwa: vijidudu vya Papa vimeingia ndani yangu lakini vimelala, siwezi kumwambukiza mtu, ila siku mwili ukichoka vinaweza kuamka. Akanipa vidonge vya miezi sita, kimoja kila asubuhi, ili vifie usingizini.

Juma lile lile ulihamishiwa stesheni ya kwetu, ukashuka kwenye treni na mke wako Ngoie, unakohoa. Mama ulimwambia ni vumbi la simenti ya mabehewa. Mimi uliniambia ukweli: ulikuwa unatema damu, na wakubwa wa reli wakijua watamweka mwingine mahali pako.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwetu, nani anakula bukari peke yake mwenzake akimwangalia? Nilijiona mwizi, mimi mzima nameza dawa, wewe mgonjwa huna kitu. Kila asubuhi nilificha kidonge shavuni, Mama akigeuka nakuletea nyuma ya jiko. Siku ya kwanza uliuliza, "Na vyako je?" Nikakudanganya kwamba munganga alinipa mara mbili. Ukanivuta sikio, ukacheka, ukameza.

Na ukapata nafuu. Hiyo njo inaniuma kuliko yote. Ulinenepa kidogo, ukatoka hata kufanya salongo, kufagia barabara za mtaa na vijana wenzako, ukaacha habari ya hospitali. Kisha kikohozi kikarudi na hasira zake zote, na dawa za hospitali hazikukusaidia tena.

Kwenye kilio Mama alisema Ngoie alikulisha sumu. Akamfukuza na kitenge kimoja mwilini, maskini, akarudi kwao Zongwe. Mimi nilikuwa pale naosha masufuria. Nilijua kikohozi chako kilikuwa kama cha Papa. Lakini ningesema hivyo, wangeuliza na mengine, basi nikanyamaza.

Mwezi uliopita binti yangu alichomwa sindano ileile, akapewa vidonge vilevile, maana jirani ameugua. Nikamuuliza munganga, kama natania, ingekuwaje mtu anayekohoa akimeza vidonge hivi peke yake. Akaacha kuandika. Alisema ugonjwa ulioamka unataka dawa kadhaa kwa pamoja. Ukiupa hii moja, vijidudu dhaifu vinakufa, vile vikali vinabaki, vinaizoea dawa, vinazaana. Nilirudi nyumbani kwa miguu na njia siikumbuki.

Jana nimemwambia Mama yote. Alikuwa anachambua ndakala. Nilitegemea kofi. Aliendelea kuchambua samaki mmoja mmoja, mpaka nikatamani anipige. Ndipo akauliza: "Na weye, mwanangu? Weye ulimeza ngapi?"

Hakuna hata kimoja. Leo asubuhi amenishika mkono mpaka dispanseri, mimi mama wa mtoto. Sikohoi, ashukuriwe Mungu. Watanipima kifua kwanza. Kikiwa safi nitaanza vidonge upya, na Mama ameapa atakaa mbele yangu na kunifungua kinywa.

Keshokutwa tunapanda boti kwenda Zongwe. Mama anataka kumpigia Ngoie magoti. Akitufukuza, ana haki. Mimi nitasimama nyuma ya Mama, na sijui nitaanzaje kumwambia yule mwanamke kwamba aliyekuua ni mimi, na kwamba nilikuwa nakupenda.

Mdogo wako,
Mwadi